Habari, Siasa na Ucheshi Miongoni mwa Wasomali wa Ughaibuni: Mtazamo kutoka Gikomba

Utangulizi

Soko la Gikomba linajulikana kote Afrika Mashariki kwa mitumba. Belo la nguo hufika hapa kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini, likafunguliwa mbele ya wanunuzi wenye macho makali, na nguo zilizomo zikapangwa kwa madaraja. Zile bora kabisa huitwa 'kamera', na masalia yanayouzwa kwa bei ya kutupa huitwa 'fagia'. Hata hivyo, nguo si bidhaa pekee ya mbali inayofunguliwa na kuchambuliwa katika upande huu wa mashariki ya Nairobi. Ukitoka Gikomba kwa miguu, ukapita Majengo na Pumwani, utaingia Eastleigh, mtaa ambao vijana wanauita Isili. Huko, katika vibanda vya chai na kumbi za maduka, kuna belo la aina nyingine linalofunguliwa kila siku: habari za Somalia. Nazo huchambuliwa, hupangwa kwa madaraja, na mara nyingi huvalishwa kicheko.

Makala haya yanalenga kueleza uhusiano uliopo kati ya habari, siasa na ucheshi miongoni mwa Wasomali wanaoishi nje ya Somalia, tukiuchukua mtaa wa Eastleigh na jirani yake Gikomba kuwa dirisha letu. Swali linaloongoza mjadala ni hili: kwa nini jamii iliyopitia vita, ukimbizi na kamatakamata imeendelea kuzungumzia siasa kwa mzaha? Dai letu ni kwamba mzaha huu ni zaidi ya pumbao. Ni chombo cha kuhifadhi kumbukumbu, cha kuwawajibisha viongozi, na cha kumpa mtu asiye na kura njia ya kutoa hukumu. Kwa sababu hiyo, unastahili kusomwa na mwanafunzi wa fasihi kwa makini yaleyale anayoyatoa kwa tenzi na malumbano ya washairi wetu.

Ughaibuni ulio jirani na nyumbani

Neno 'ughaibuni' humfanya msomaji afikirie London, Toronto, Minneapolis au Stockholm. Miji hiyo kweli ina jamii kubwa za Wasomali. Lakini kwa Msomali wa Mogadishu, Nairobi nayo ni ughaibuni, ingawa ni ughaibuni wa ajabu: ni nchi ya kigeni ambamo tayari wanaishi Wasomali ambao ni raia, walio na wabunge wao, na waliozaliwa hapa kwa vizazi kadhaa.

Eastleigh iliasisiwa mwaka 1921, enzi ya ukoloni, na Wasomali walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo pamoja na Wahindi. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, maelfu ya watu walivuka mpaka na kuingia Kenya. Wengi walipokelewa katika kambi za Dadaab, na baadhi yao wakafika Nairobi. Jengo la kulala wageni lililoitwa Garissa Lodge likageuka soko mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyumba vya kulala vikawa maduka, na mfano huo ukaigwa mpaka mtaa mzima ukawa kitovu cha biashara kinachowahudumia wachuuzi wa Nairobi, wa Kampala na hata wa mbali zaidi.

Kukutana kwa Wasomali raia na Wasomali wakimbizi kulizaa mzaha wake wa kwanza, na jambo la kufurahisha ni kwamba mzaha huo umejengwa kwa neno la Kiswahili. Wasomali waliotoka Somalia waliwaita wenzao wa Kenya 'Sijui'. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Msomali wa Kenya akiulizwa jambo kwa Kisomali, jibu lililomtoka haraka lilikuwa la Kiswahili: 'Sijui.' Neno moja la kukana maarifa likageuka jina la kundi zima la watu. Ndani yake mna kejeli nyepesi: huyu ndugu yetu amekaa kwa Waswahili mpaka lugha imempotea. Hata hivyo, mna pia kinaya, kwa kuwa ni huyo huyo Sijui aliyekuwa na kitambulisho, aliyejua ofisi za kuendea, na ambaye jina lake liliandikwa kwenye leseni ya duka. Asiyejua ndiye aliyejua.

Njia za habari

Hatuwezi kuelewa ucheshi huu bila kuelewa jinsi habari zinavyosafiri. Jamii ya Wasomali ni jamii ya usemi. Lugha yao ilipata mfumo rasmi wa maandishi ya Kilatini mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo, habari nzito ilitungwa kwa shairi na kusafirishwa kwa kumbukumbu. Wataalamu kama vile B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis katika miaka ya 1960, na baadaye Said S. Samatar katika miaka ya 1980, wameonyesha jinsi ushairi ulivyokuwa uwanja wa siasa: ulitangaza vita, uliomba suluhu, uliaibisha na kusifu. Kaseti ilipoingia, shairi lilipata miguu mipya. Malumbano makubwa ya kishairi ya Deelley, yaliyoanzishwa na Maxamed Xaashi Dhamac 'Gaarriye' mwishoni mwa mwaka 1979 na kujibiwa na Hadraawi na wengineo, yalisambaa kwa kaseti zilizonakiliwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, jambo ambalo dola haikuweza kulidhibiti.

Redio nayo ilikuwa na nafasi yake. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianzishwa mwaka 1957, na kwa miaka mingi matangazo yake ya saa kumi na moja alasiri yaligeuka kuwa kipindi cha kutulia. Katika miaka ya 1990, wakati simu ilikuwa anasa, Wasomali wa kambini na wa mijini walitumia taar, yaani mitambo ya redio ya mawasiliano, kuulizana nani yu hai, nani amefika wapi, na pesa zimetumwa kwa nani. Kampuni za hawala zilipokea fedha kutoka ughaibuni, na kila fedha ilipokuja ilikuja na maneno. Aliyetuma dola mia moja alitaka kujua zimetumikaje. Aliyepokea alitaka kujua mambo ya huko. Hivyo, barabara ya pesa na barabara ya habari zilikuwa moja.

Baadaye zikaja runinga za satelaiti kama vile Universal, yenye asili yake London, kisha intaneti na simu za mkononi. Hapa Nairobi, Star FM ikawa inatangaza kwa Kisomali. Kilichobadilika ni kasi. Kilichobaki ni tabia ileile ya zamani: habari haichukuliwi kuwa imefika mpaka imezungumzwa na watu. Mtu husikia peke yake, lakini huelewa akiwa na wenzake.

Kupigana ukiwa umeketi

Wasomali wana jina la mahali ambapo habari hupikwa: fadhi ku dirir. Tafsiri yake ya karibu ni 'kupigana vita ukiwa umeketi'. Ni jina la barza za chai ambamo wanaume, wengi wao wa makamo, hukaa kwa saa nyingi wakijadili nani atakuwa waziri, ukoo gani umedhulumiwa, na dola gani ya kigeni inavuta kamba gani. Barza za namna hii zipo Eastleigh, zipo London, na zipo Minneapolis. Mtu aliyehama kutoka mji mmoja kwenda mwingine hukuta mjadala uleule, pengine katika sentensi ileile alipouachia.

Jina lenyewe ni tashtiti. Jamii imejitazama, ikawaona wazee wake wakiwashinda maadui wote bila ya kuinuka kitini, ikacheka. Wanawake ndio wenye haki kubwa zaidi ya kukicheka kicheko hicho, kwa kuwa katika miaka yote ya ukimbizi wao ndio waliobeba sehemu kubwa ya biashara ndogondogo za kulisha familia, wakati jemadari wa kiti akipanga serikali. Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuibeza barza. Kwa watu ambao nchi yao ilikaa zaidi ya miaka ishirini bila serikali kamili, barza ilikuwa bunge, gazeti na mahakama kwa pamoja. Msomaji wa Kiswahili atatambua hapa sura ya baraza za Lamu, Mombasa na Unguja, ambako kahawa na kashata huambatana na siasa.

Katika barza hizi hoja peke yake haitoshi. Msemaji hupimwa kwa ufasaha, kwa uwezo wa kutoa mfano wa ngamia au wa kisima pale panapohitajika, na kwa uwezo wa kumnyamazisha mpinzani kwa kicheko cha wasikilizaji. Kwa istilahi zetu za fasihi simulizi, pana fanani, pana hadhira, na pana utendaji. Hadhira hiyo haina huruma: mzaha uliorudiwa huzomewa, na mzaha uliotunga hurudiwa jioni hiyo hiyo katika simu ya kwenda Toronto. Kama ilivyo kwa mitumba ya Gikomba, pana kamera na pana fagia.

Lakabu kama uhakiki wa kisiasa

Kipengele kinachojitokeza zaidi katika ucheshi wa Wasomali ni lakabu, ambayo wao huiita naanays. Chanzo chake ni cha kimatumizi. Msomali hana jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Huitwa kwa jina lake, la baba na la babu. Kwa kuwa majina kama Mohamed, Ahmed na Abdi yamejaa kila mahali, watu kumi wanaweza kuwa na jina moja. Lakabu huwatofautisha, na hutolewa bila ya kumwonea mtu haya: hulenga umbo, ulemavu, tabia au tukio.

Desturi hii ni ya kale. Imamu Ahmad ibn Ibrahim, aliyeongoza vita dhidi ya Uhabeshi katika karne ya 16, anakumbukwa na Wasomali kwa jina la Gurey, yaani mtu wa mkono wa kushoto. Katika siasa za karibuni, Siad Barre aliitwa Afweyne, 'mdomo mkubwa'. Rais wa kwanza wa Somaliland, Abdirahman Ahmed Ali, aliitwa Tuur, yaani mwenye kibyongo. Mmoja wa warithi wake, Ahmed Mohamed Mohamoud, aliyetawala kuanzia mwaka 2010 hadi 2017, aliitwa Silanyo, jina la aina ya mjusi. Abdirahman Mohamed Abdullahi, aliyeshinda uchaguzi wa Somaliland Novemba 2024, anaitwa Irro, kwa ajili ya mvi. Ahmed Mohamed Islam wa Jubaland ni Madobe, yaani mweusi. Naye Mohamed Abdullahi Mohamed, aliyekuwa Rais wa Somalia kuanzia mwaka 2017 hadi 2022, anajulikana ulimwenguni kote kama Farmaajo, neno lililotokana na jina la Kiitaliano la jibini.

Hebu tuyatazame majina haya kwa jicho la fasihi. Kwanza, lakabu humshusha mkubwa hadi katika kiwango cha mwili wa kawaida. Mtu mwenye jeshi na ikulu anakumbushwa kila anapotajwa kwamba ana mvi, ana kibyongo, au ana mdomo. Pili, mwenye lakabu hana budi kuipokea. Ndiyo maana lakabu nyingi zimeingia katika karatasi za kura na taarifa za vyombo vya habari bila ya mwenyewe kuona aibu. Anayeikataa huthibitisha kuwa ni dhaifu. Tatu, lakabu ni hifadhi ya historia. Ndani ya neno Farmaajo mna kumbukumbu ya utawala wa Waitaliano na vyakula vyao. Mtoto aliyezaliwa Nairobi anayeuliza 'Kwa nini aitwe jibini?' hujikuta amefundishwa somo la ukoloni.

Wakenya wenyewe hawana sababu ya kuishangaa desturi hii. Tangu mwaka 2023 Rais William Ruto ameitwa Zakayo na wananchi waliolemewa na kodi, kwa kumfananisha na mtoza ushuru wa katika Biblia. Ni uhakiki wa bajeti katika neno moja.

Qurbajoog katika kioo cha mzaha

Mtu anayeishi nchi za mbali huitwa kwa Kisomali qurbajoog. Yeye ndiye anayetuma fedha, naye ndiye anayechekwa zaidi. Mhusika huyu wa vichekesho ana sifa zinazotambulika kila mahali. Anarudi akiwa na chupa ya maji mkononi, mkoba wa vyeti kwapani na pasipoti mbili mfukoni. Anazungumza Kisomali kilichochanganywa na lugha ya alikotoka. Anataka uwaziri. Mzaha wa aina hii hujengwa kwa mfano wa dereva wa teksi wa Marekani: jana aliendesha teksi, leo anaendesha wizara, na zote mbili anaziendesha kwa kuuliza abiria njia.

Ukweli ulio nyuma ya mzaha huu ni mzito. Serikali kadhaa za Somalia baada ya mwaka 2000 zimekuwa na mawaziri na wabunge wengi wenye uraia wa nchi nyingine. Farmaajo mwenyewe aliishi Buffalo, katika jimbo la New York, alikofanya kazi katika idara ya uchukuzi ya jimbo hilo, kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 2010. Alipochaguliwa Rais tarehe 8 Februari 2017, watu walishangilia Mogadishu na pia Eastleigh. Siku chache kabla ya hapo, Rais Donald Trump alikuwa ametia saini amri ya kuwazuia raia wa nchi kadhaa, Somalia ikiwemo, kuingia Marekani. Kisha balozi wa Marekani akamtunukia rais mpya kofia iliyoandikwa kaulimbiu ya Trump iliyogeuzwa ili kuitaja Somalia. Mtunzi wa kinaya asingeweza kubuni tukio bora zaidi: nchi iliyofungiwa mlango inapewa kofia ya mwenye mlango.

Kuna pia mhusika wa pili, mtoto wa qurbajoog. Wazazi wakiona kijana wao amepotoka London au Minneapolis, humleta Eastleigh au humpeleka Somalia kwa mpango unaoitwa dhaqan celis, yaani 'kurejeshwa katika utamaduni'. Kwa kijana huyu safari huanza kama likizo, na siku ya kurudi pasipoti haionekani. Vichekesho juu yake ni vingi, kwa kuwa yeye ni mgeni kati ya watu wake: hajui kupanga foleni ya matatu, hajui kuomba chai kwa Kiswahili, na hajui amri ya kurudi itatoka lini. Lakini kwa mwenyewe jambo hili si la kuchekwa. Kicheko chake huja baadaye, anapokuwa mtu mzima na kuwasimulia wenzake waliopitia njia hiyo hiyo.

Aidha, wapo ambao hawajaenda popote. Kambini Dadaab, hamu kali ya kuhamishiwa Ulaya au Amerika ilipewa jina la buufis, na mtaalamu Cindy Horst ameijadili katika kitabu chake cha mwaka 2006. Neno hilo hutajwa kwa mzaha, kama mtu anayemtania rafiki kwamba amepagawa; lakini limekuwa likitaja pia ugonjwa halisi wa nafsi, wa mtu ambaye mwili uko kambini na akili iko Minneapolis. Hapa ucheshi unafanya kazi ya tasfida: unataja maumivu bila kuyafumua.

Kasarani mara mbili

Hakuna mahali panapodhihirisha uhusiano wa Nairobi na siasa za Somalia kama Kasarani. Mkutano wa mapatano ya Wasomali ulifunguliwa Eldoret Oktoba 2002, ukahamishiwa Mbagathi, Nairobi, mwaka 2003. Wajumbe walikaa, walilumbana, walisusia na walirudi. Bunge la mpito liliapishwa hapa Nairobi mwaka 2004, na tarehe 10 Oktoba mwaka huo, katika uwanja wa michezo wa Kasarani, Abdullahi Yusuf Ahmed alichaguliwa kuwa Rais wa Somalia. Serikali hiyo ilibaki Nairobi hadi mwaka 2005. Kwa kipindi hicho, fadhi ku dirir ya Eastleigh haikuhitaji redio: siasa zilikuwa safari moja ya matatu.

Mgao wa viti ulifuata kanuni ya 4.5, iliyotumika kwanza katika mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000. Koo nne kubwa zilipata sehemu sawa, na jamii ndogo zote kwa pamoja zikapata nusu sehemu. Kanuni hii ni tashtiti iliyojiandika yenyewe, maana inamwambia raia kwa hesabu kwamba yeye ni nusu. Kwa mtu wa jamii ndogo, kujiita 'nukta tano' ni kuchukua tusi la dola na kulirudisha hadharani ili aliyelitoa alione.

Miaka kumi baadaye, Kasarani ilitajwa tena. Aprili 2014, baada ya mfululizo wa mashambulizi, serikali ya Kenya iliendesha msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walikamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja huo huo ili kuchunguzwa vitambulisho. Wazee waliokumbuka msako wa mwaka 1989, Wasomali wa Kenya walipolazimika kuthibitisha uraia wao na kupewa kadi ya rangi ya waridi, walijua wimbo huu na kiitikio chake. Kinaya hakihitaji kupambwa: uwanja ulioipa Somalia rais ndio uliowanyima Wasomali usingizi.

Wakazi wa Eastleigh wamezoea kusema kwamba baadhi ya askari huwaona kama mashine za kutolea pesa: bonyeza, zitoke. Huu ni mzaha wa mtu asiye na pa kushitaki. Haumwondolei tatizo, ila humrudishia hadhi ndogo ya kulipa jina. Gikomba nayo haikusalimika mwaka huo. Tarehe 16 Mei 2014 milipuko ilitokea sokoni na kuua watu wasiopungua 10. Ikumbukwe kwamba wachuuzi wa Gikomba na wafanyabiashara wa Eastleigh wanategemeana. Hofu ilipoingia kati yao, shilingi ilipotea kwa pande zote mbili, na mizaha ya kila siku baina ya muuzaji na mnunuzi ikageuka kuwa maneno ya kupimana. Kisha, Aprili 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, kampuni 13 za hawala zilifungiwa kwa muda. Kwa kuwa barabara ya pesa ndiyo barabara ya habari, familia nyingi zilipata kimya cha aina mbili.

Gharama ya kicheko

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Itakuwa kosa kuusifu ucheshi huu bila kueleza hatari zake.

Hatari ya kwanza ni kwa mchekeshaji. Abdi Jeylani Malaq, maarufu kwa jina la Marshale, alikuwa mchekeshaji wa redio na runinga mjini Mogadishu ambaye aliwaigiza na kuwakejeli wapiganaji wa Al-Shabaab. Vichekesho vyake viliwafikia Wasomali wa ughaibuni kupitia runinga ya Universal. Aliwahi kutishiwa maisha na kukimbilia kaskazini kwa muda, akarudi. Tarehe 31 Julai 2012 alipigwa risasi karibu na nyumbani kwake na kuuawa. Kifo chake kinatufundisha kwamba wenye bunduki wanaujua uzito wa kicheko, pengine kuliko baadhi ya wahakiki. Mtu hauawi kwa jambo lisilo na nguvu.

Hapa pia pana tofauti kati ya aliye mbali na aliye karibu. Mchora katuni Amin Amir, aliyejenga jina lake akiwa Kanada, amewachora marais, wababe wa vita na wazee wa koo bila kuwaonea haya. Umbali ulimpa ngao ambayo Marshale hakuwa nayo. Ucheshi wa ughaibuni, kwa hiyo, una uhuru mkubwa, lakini unabeba pia swali la maadili: ni rahisi kuwasha moto katika nyumba usiyolala.

Hatari ya pili ni ya ukoo. Mzaha unaomlenga kiongozi unaweza kuteleza ukaulenga ukoo wake mzima, na tusi la ukoo huvuka bahari kwa muda wa sekunde chache. Jamii ndogo na watu wa asili ya Kibantu wamekuwa wakitajwa kwa maneno yanayowadharau kwa sababu ya nywele au kazi zao, kisha wakaambiwa ni utani. Katika utamaduni wetu wa Waswahili, utani una sheria: hufanywa baina ya watani, nao hujibiwa. Pale ambapo upande mmoja hauna ruhusa ya kujibu, huo si utani tena. Ni dhuluma iliyovaa kanzu ya kicheko. Kigezo hiki cha Kiswahili kinatufaa katika kuupima ucheshi wa jirani, na wa kwetu pia.

Yanayomhusu mwanafunzi wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza: mambo haya ya Kisomali yanaihusu nini Kiswahili? Jibu lina sehemu tatu.

Mosi, ni suala la ulinganisho. Katika miaka ya 1970, siasa za uchaguzi Lamu zilizaa mashairi ya Kimondo, yaliyotungwa kwa kejeli kali na kusambazwa kwa kaseti. Ni kipindi kilekile ambacho kaseti za Wasomali zilikuwa zikizunguka na Deelley. Jamii mbili za pwani moja ya Bahari ya Hindi zilitumia chombo kimoja, ushairi, na mtambo mmoja, kaseti, kwa kazi moja, yaani kumsema mkubwa. Ulinganisho huu bado una nafasi kubwa ya kufanyiwa kazi na watafiti wetu.

Pili, ni suala la lugha yenyewe. Neno 'Sijui' limekuwa nomino katika Kisomali cha mtaani. Kwa upande wa pili, vijana wa Eastlands wanatumia 'waria' na 'walalo' katika Sheng, wakati mwingine kwa urafiki na wakati mwingine kwa dharau. Neno moja huwa salamu likitoka kwa mwenzako na tusi likitoka kwa anayekuzuia njiani. Pragmatiki haifundishwi darasani tu. Inafundishwa pia baina ya Gikomba na Eastleigh.

Tatu, ni suala la ujirani. Mara nyingi Wasomali huandikwa katika magazeti yetu kwa misamiati miwili tu: usalama na biashara. Anayewasikia wakicheka hukutana na watu kamili, wenye wazee wabishi, vijana wakorofi, wake wenye ulimi na viongozi wasioaminika, yaani watu kama sisi. Ni vigumu kumwogopa mtu ambaye umeuelewa mzaha wake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba miongoni mwa Wasomali wa ughaibuni habari, siasa na ucheshi havitengani. Habari husafiri kwa njia zilezile zinazopitisha fedha na mapenzi ya jamaa. Siasa hujadiliwa katika barza ambazo jamii yenyewe imezipa jina la kejeli. Na ucheshi, hasa kupitia lakabu, huhifadhi historia na kuwapima viongozi. Tumeona pia kwamba kicheko kina bei: kimemgharimu mchekeshaji uhai wake, na kinaweza kuwaumiza wanyonge kinapokosa sheria za utani.

Wahenga walisema pia, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Msomali aliyeko Toronto au Oslo anaweza asirejee Mogadishu kwa mwili, lakini hurejea kila jioni kwa maneno, na mara nyingi maneno hayo hupitia Nairobi. Sisi tulio jirani nao tumekuwa tukiyasikia na kuyapita kana kwamba ni kelele za soko. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili, hasa sisi tunaoishi upande huu wa mji, kukaa chini, kuuliza maana, kuyarekodi kwa idhini ya wenyewe, na kuyaandika. Wazee wa barza wanazidi kupungua mwaka hadi mwaka, na mzaha usiorekodiwa huzikwa pamoja na aliyeutunga.